Kofia ya jino la mbele imekuja kama kigae cha bafuni, na tayari imeshagandishwa

Kipepeo_Mchana (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Mimi ni msomaji wa kimya humu muda mrefu. Leo nimefungua uzi maana jambo hili nikimweleza mtu ana kwa ana anaishia kunikodolea macho mdomoni, na hicho ndicho nisichokitaka.

Jino langu la mbele juu, mojawapo ya yale mawili makubwa, liligongwa na bembea nikiwa mtoto. Likafa taratibu. Ukubwani likawa la kijivu, nikasafishwa mzizi, likajazwa, na daktari akashauri livishwe kofia, yaani ganda la bandia la kulifunika lote, maana limebaki gofu. Nikakubali. Sikuwa na pupa ya meno ya kwenye mabango, nilitaka tu lifanane na pacha wake.

Siku ya kuchagua rangi ilikuwa jioni. Nilishakaa kinywa wazi karibu saa nzima, jino limeshachongwa, taa ya kiti inaniwaka usoni. Daktari akachukua vile vijino vya sampuli, akapitisha viwili vitatu, akasema "hii hapa". Nikaitikia kwa kichwa. Siku ya kuvishwa nikachomwa ganzi ya fizi, kofia ikawekwa, nikapewa kioo kisichozidi kiganja. "Vipi, safi?" Mdomo wa juu mzito kama nimeazimwa. Nikasema safi. Ikagandishwa.

Asubuhi yake nikasimama dirishani na kioo kikubwa. Jino jirani lina uhai: kwenye ncha kuna kaukanda kanapitisha mwanga kama ukingo wa glasi, katikati rangi ya maziwa, kupanda karibu na fizi umanjano kidogo. Hili jipya ni chaki, rangi moja mwanzo mwisho. Tena lina tumbo, nikifumba mdomo naona linasukuma. Linapokutana na fizi kuna mstari wa kijivu, mwembamba kama umechorwa kwa penseli. Nikisema "fedha" au "vifaa" natoa upepo. Nikipiga mswaki fizi inatoka damu upande ule tu, na uzi wa meno nikiupitisha pembeni unatoka umechambuka nyuzinyuzi.

Wiki ya tatu hii. Nimeanza kucheka nimeziba mdomo kwa mkono, tabia niliyodhani naiacha siku ya kuvishwa kofia.

Naomba kuuliza: linaweza kung'arishwa au kufifishwa rangi? Linaweza kusagwa lipungue? Likitolewa, jino la ndani linapona? Na kwa kuwa mimi mwenyewe ndiye niliyesema "safi", nina haki gani ya kurudi kulalamika?

Kiroboto_Tembezi

Mkuu uzi bila picha ni hadithi. Tupia picha.

Kipepeo_Mchana

Picha ndiyo nimekimbia kupigwa wiki tatu, kisha niipandishe huku? Samahani mkuu. Na mimi ni dada, kwa wanaouliza.

Mzee_Kijiti

Dada, pole sana. Yamenikuta miaka ya nyuma, jino la pembeni yake. Nitakwambia nilipokosea ili usipite humo humo.

Kosa langu lilikuwa kukasirika na kuhama daktari. Nikaenda kwa mwingine, akakata kofia siku hiyo hiyo, akatengeneza upya, nikalipa upya. Niliporudi kwa yule wa kwanza kudai, akaniuliza swali moja tu: "Iko wapi?" Sikuwa na kofia, sina picha, sina eksirei, sina hata karatasi. Ushahidi wote niliutupa kwenye beseni la kutemea.

Kwa hiyo usiruhusu mtu aiguse kwanza. Piga picha zako mwenyewe, mchana, karibu na dirisha, bila taa ya simu, mdomo ukiwa umetulia na ukiwa unacheka. Andika tarehe. Ukienda kwa daktari wa pili, mwambie wazi unataka akague na aandike alichokiona, asianze kutibu. Halafu rudi kwa wa kwanza. Wengi wao wakifuatwa kwa utaratibu wanarekebisha au wanatengeneza nyingine, maana hata wao hawapendi kazi yao itembee mjini ikiwa hivyo.

Kuhusu kusema "safi": ulisema ukiwa na ganzi, na kioo cha kiganja, chini ya taa ya kiti. Hilo lisikufunge mdomo.

Nyundo_Ndogo

Niwe muwazi, mimi ni fundi wa maabara ya meno. Ndiye yule msiyemwona. Daktari anachonga, anachukua kipimo, anaandika karatasi, mimi natengeneza. Nimeyasoma maelezo ya dada mara mbili, na naona mengi anayoyalalamikia yametoka kwenye shina moja, ingawa yanaonekana manne.

Shina hilo ni nafasi. Kofia ya kauri juu ya chuma inahitaji kama milimita 1.5 upande wa mbele: kuna chuma, juu yake tabaka zito la rangi ya kuficha ule weusi wa chuma, juu yake ndipo kauri yenyewe inayobeba uhai wa jino. Ncha nayo inataka kama milimita 2. Jino likichongwa kidogo kuliko hapo, mimi fundi nabaki na njia mbili mbaya. Nikiibana kauri iwe nyembamba, lile tabaka la kuficha linachungulia na jino linakuwa chaki. Nikiinenepesha nipate uzuri, jino linaota tumbo. Wewe umepata chaki na tumbo pamoja, kwa hiyo aliyeitengeneza alijaribu kugawa hasara. Huo mstari wa kijivu kwenye fizi ni dalili ya ukingo wa chuma, ingawa unaweza pia kuwa mzizi wenyewe uliobadilika rangi ukionekana kupitia fizi nyembamba. Hayo mawili yatofautishwe kabla ya kutengeneza nyingine! Kama ni mzizi, hata kofia isiyo na chuma kabisa itaacha kivuli.

Rangi sasa. Vile vijino vya sampuli, kibao kinachotumika sana ni cha VITA, kipo tangu 1956, kina rangi 16 zilizopangwa kwa herufi A hadi D. A ni za wekundu wa kahawia, B zinaelekea umanjano, C za kijivu, D kijivu chenye wekundu. Kibao ni kizuri. Shida ni saa kinapotumika. Jino likikaa kinywa wazi linakauka, na jino kavu linaonekana jeupe kuliko lilivyo, wala halirudi kwenye rangi yake mara moja, linachukua saa kadhaa. Daktari aliyechagua rangi mwisho wa kazi alilinganisha na jino lililopauka. Rangi huchaguliwa mwanzo kabisa, mgonjwa akiwa ndio kwanza amekaa, mate bado yapo, rangi ya mdomo imefutwa, mwanga wa mchana. Tena jicho lisikodoe zaidi ya sekunde chache maana linachoka na kuanza kudanganya.

Jaribu jambo hili nyumbani. Piga picha dirishani, kisha igeuze iwe nyeusi na nyeupe kwenye simu. Kama kofia bado inajitokeza, kosa ni wingi wa weupe, na hilo ndilo jicho la mtu linaliona kabla ya jingine lolote. Kama kwenye nyeusi na nyeupe mawili hayo yanafanana, basi kosa ni rangi tu, na watu hawalioni kama unavyoliona wewe.

Maswali yako: kauri haing'arishwi wala kufifishwa kwa dawa yoyote, dawa za kung'arisha zinafanya kazi kwenye jino la asili tu. Kusagwa linasagwa kidogo, lakini ukiondoa uso wenye mng'ao utaikuta ile chaki ya ndani, ndiyo itazidi.

Kiroboto_Tembezi

Fundi naona umemtupia daktari zigo lote. Hujawahi kukosea wewe?

Nyundo_Ndogo

Nakosea, tena sana. Na kosa letu kubwa ni kukaa kimya. Kikija kipimo cha jino lililochongwa kidogo, fundi anatakiwa apige simu aseme "nafasi haitoshi". Wengi tunaogopa kupoteza mteja, tunatengeneza hivyo hivyo. Na karatasi ninazoletewa! "A2, jino la juu." Basi. Bila picha, bila kusema jino la ndani ni la rangi gani. Nikipata picha moja tu ya kijino cha sampuli kikiwa kimeshikwa ncha kwa ncha na jino jirani, kazi inabadilika kabisa.

Na jino moja la mbele katikati, peke yake, ndiyo kazi ngumu kuliko zote kwetu. Mawili pamoja ni rahisi, sita ni rahisi zaidi, maana yanalingana yenyewe kwa yenyewe. Moja linawekwa kando ya pacha aliyeumbwa, na watu wanaanza kulinganisha.

Tausi_wa_Kesho

Si ndiyo maana mimi nasema angeweka zote sita au nane zifanane, tatizo linaisha? Siku hizi watu wanafanya.

Mama_Ganzi

Tausi hapana, hapana. Nimekaa kwenye kliniki ya meno miaka mingi, naomba hilo lisipite. Tabaka la juu la jino likishachongwa halioti tena. Ukichonga jino zima ili limfurahishe jirani yake, umelisajili kwa maisha yote ya kofia: hii ikiisha muda, nyingine, na kila mara jino la ndani linapungua. Kofia nzuri ikitunzwa inakaa miaka 10 hadi 15, wengine zaidi. Kwa kijana, piga hesabu ni mara ngapi. Na kila kuchonga kuna uwezekano wa mshipa wa ndani kufa. Dada hapa ana jino moja lililokufa, tusimuundie mengine.

Dada, nitasema jambo ambalo halijasemwa. Ninyi wote mmeshika rangi. Mimi kilichonishtua ni uzi kuchambuka na fizi kutoka damu. Rangi inakera, lakini haina haraka. Hilo la uzi lina haraka.

Uzi wa meno ukichambuka mahali pamoja kila siku, kuna kitu kina makali pale. Inaweza kuwa gundi iliyobaki imeganda chini ya fizi, na hiyo ni ya kukwangua dakika chache tu, fizi inapona. Au ukingo wa kofia haujakaa sawasawa na jino, kuna mwanya au kingazi. Daktari anaupima kwa kuburuza kile kijiti chenye ncha kali: kikikwama mara kwa mara, kuna ngazi. Eksirei inaonyesha mwanya wa upande, haionyeshi wa mbele wala wa nyuma. Mwanya ukiachwa, wadudu wanaingia chini ya kofia, na kwa kuwa jino lako lilishasafishwa mzizi halitakuuma kukuonya. Utajua siku ile kofia inadondoka na kipande cha jino ndani yake, au usaha ukitokea fizini.

Pia kuna kofia zinazozamishwa mno chini ya fizi ili kuficha ukingo. Fizi inahitaji kama milimita 2 za kushika juu ya mfupa, ukivamia eneo hilo inabaki nyekundu na kuvimba, mswaki wowote haiponi. Hiyo hata kofia nzuri ya namna gani haiiponyi mpaka ukingo upandishwe.

Halafu jaribu kuuma: gonganisha meno taratibu, kisha sogeza taya la chini mbele hadi ncha zikutane. Kofia ikigusa peke yake kabla ya jirani yake, iko juu. Hiyo inarekebishwa kwa karatasi ya rangi na kusagwa nukta kwa nukta, kisha inasuguliwa iwe laini. Ukiiacha inavunjika au inalegea.

Na huo upepo kwenye "f" na "v": ncha ya jino la juu inatakiwa iguse ndani kidogo ya mdomo wa chini, pale ukavu na unyevu vinapokutana. Ikiwa ndefu au imetoka mbele, inakosa mahali pake. Ulimi na mdomo huzoea mambo mengi ndani ya wiki mbili hivi. Tatu zimepita, hujazoea, mwambie daktari hilo kwa maneno hayo hayo.

Kipepeo_Mchana

Aisee. Mama_Ganzi, nimesogeza taya mbele kama ulivyosema, kofia inagusa peke yake. Jirani yake hewani.

Nyundo_Ndogo, picha ya nyeusi na nyeupe nimepiga. Inajitokeza kama taa. Kwa hiyo sijichanganyi.

Mume wangu alisema halioni, nikamwonyesha hiyo picha akanyamaza.

Narudi kwa daktari wiki ijayo. Niseme vipi bila kugombana?

Mzee_Kijiti

Usianze na "umeniharibia". Anza na "fizi inatoka damu na uzi unachambuka", hayo hakuna daktari anayeweza kukujibu kuwa ni mazoea ya macho yako. Rangi iseme baadaye, na picha mkononi. Omba mambo matatu yaandikwe: kofia ni ya kauri gani, kuna chuma au hakuna, na atafanya nini. Nakala ya eksirei iombe, ni habari zako mwilini mwako. Akikataa kata kata, kuna baraza linalosajili madaktari wa meno, lakini hiyo ni mlango wa mwisho, usiingie nao wa kwanza.

Kipepeo_Mchana

Mrejesho. Nimerudi leo.

Mwanzoni alikunja uso. "Mbona siku ile ulikubali?" Nikamwambia siku ile nilikuwa na ganzi, leo sina. Akacheka kidogo, hapo ndipo hewa ikabadilika.

Alipitisha kijiti. Nilisikia mwenyewe: ki, ki, upande ule ule wa uzi. Akarudia tena polepole, akavua miwani, akaagiza eksirei. Kwenye picha kuna weusi mwembamba kati ya ukingo na jino, kama ukucha uliokatika. Akasema "hii lazima itoke". Neno hilo nimelisikia kwa furaha ya ajabu, mtu anaambiwa anakatwa jino anafurahi.

Tumekubaliana, kwa maandishi: anatengeneza upya kwa gharama yake. Kofia itakatwa, nitavaa ya muda wiki 4 hadi 6 fizi itulie, kisha vipimo vipya. Mstari wa kijivu ameukagua, amesema ni chuma, ila mzizi nao umebadilika rangi kidogo, kwa hiyo atang'arisha jino kwa ndani kwanza kwa dawa na kusubiri wiki mbili kabla ya rangi. Fundi atakuja mwenyewe kliniki kuniangalia. Sikujua kama hilo huwa linawezekana!

Nyundo_Ndogo

Linawezekana, ni kuombwa tu. Mwambie kofia ya muda aichonge kwa umbo lile unalotaka, urefu na unene. Tembea nayo, zungumza, soma kwa sauti. Ukiipenda, mimi (au mwenzangu) nainakili. Kubadilisha umbo la plastiki ni kazi ya dakika, la kauri ni maumivu.

Tausi_wa_Kesho

Kukatwa kunauma? Nauliza kwa niaba yangu mwenyewe 😅

Mama_Ganzi

Jino lililosafishwa mzizi halina mshipa, unachosikia ni mtikisiko na maji. Kinachotisha ni sauti. Wanachimba mfereji kwa almasi kutoka fizini hadi nchani, kisha wanatia chombo bapa na kukizungusha, kofia inafunguka. Zirkonia, aina ya kauri isiyo na chuma, ndiyo inachelewa, ni ngumu haswa. Hatari iliyopo ni gofu la ndani kukatika nayo, ndiyo maana haikatwi kwa hasira.

Kipepeo_Mchana

Mrejesho wa mwisho, miezi miwili na ushee baadaye. Samahani kwa kimya.

Ya muda ilikuwa ya plastiki, na ajabu ni kwamba niliipenda kuliko ile ya kwanza. Tuliifupisha mara mbili hadi "vifaa" ikatoka bila upepo. Fizi iliacha damu siku ya tisa.

Ya kudumu ni ya kauri tupu. Fundi alikuja saa nne asubuhi, akanisimamisha mlangoni, akachagua rangi kabla sijakaa kitini. Akachora jino langu la jirani kwenye karatasi, na kale kaufa kadogo nilikokuwa nimekasahau, akaandika vitu pembeni. Siku ya kuijaribu nikakataa ganzi. Ikawekwa kwa kitu cha kujaribia, haijagandishwa, nikaomba kioo kikubwa nikatoka nje. Nikakaa nje robo saa. Nikaongea na mlinzi mambo ya hali ya hewa nimwone macho yake yanaenda wapi. Hayakwenda popote.

Haifanani asilimia mia. Chini ya taa nyeupe za ofisini bado ni nyeupe kidogo kuliko pacha wake, mchana haionekani. Fundi aliniambia hilo mapema: kauri na jino vinaweza kulingana kwenye mwanga mmoja na kuachana kwenye mwingine. Akauliza kama arudi nayo maabara. Nikamwambia igande.

Kiroboto_Tembezi

Sasa picha.

Kipepeo_Mchana

😂 Hapana.

Mzee_Kijiti

Na ile ya zamani waliitupa?

Kipepeo_Mchana

Niliiomba, mzee, baada ya kusoma habari ya beseni lako. Ninayo kwenye kibahasha, vipande viwili. Kwa ndani ni chuma cheusi, na ukikishika kile kipande cha pembeni ukakitazama ukingo, unaona gundi ya manjano imejaa pale ambapo palitakiwa pawe na jino.